Kielezi "Yet" na Ndugu Yake "Bado": Maana, Asili na Matumizi

Katika maneno ya Kiingereza tunayoyafundisha kila mwaka, liko neno moja dogo lenye herufi tatu tu, ambalo wanafunzi wetu hulidhani kuwa ni pambo. Neno hilo ni kielezi "yet". Likiwepo mwishoni mwa sentensi, hulisoma. Lisipokuwepo, hawaoni kilichopungua. Nasi walimu, kwa kuwa mitihani haiuliziulizi habari zake, hulipitia kwa haraka tukaendelea na mambo tunayoyaona kuwa makubwa. Makala haya yanakusudia kulirudisha neno hilo mbele ya wasomaji, kueleza asili yake, kulilinganisha na neno letu "bado", na kuonyesha kwa nini sisi tunaofundisha Kafutuma, katika pande za Nchelenge na mwambao wa Ziwa Mweru, tumejifunza kuliheshimu.

Huenda msomaji wa pwani akashangaa kusikia Kiswahili kikitajwa kando ya Mweru. Ziwa hili limekatwa na mpaka: mashariki yake ni Zambia, magharibi yake ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto Luapula huingia kwa upande wa kusini, na maji hutoka kaskazini, karibu na mji wa Pweto, kwa njia ya mto Luvua. Upande wetu lugha ya shule na ya soko ni Kibemba, na lugha ya ofisi ni Kiingereza. Ng'ambo ya pili Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Wavuvi, wachuuzi wa samaki na watu wenye jamaa pande zote mbili hawajaacha kuvuka. Kwa hiyo katika madarasa yetu mtoto aweza kuwaza kwa Kibemba, kununua chumvi kwa Kiswahili, na kuandika mtihani kwa Kiingereza, yote katika siku moja.

Kisa cha vidonge

Miaka kadhaa iliyopita mvulana mmoja wa darasa letu, aliyekuwa amevuka kutoka ng'ambo pamoja na mamaye, alishikwa na homa kali. Pande za Nchelenge zinajulikana katika Zambia nzima kwa wingi wa malaria, kwa hiyo hatukungoja. Tulimpeleka kwenye zahanati, akapimwa, akapewa vidonge vya kumeza kwa siku tatu, akaambiwa arudi kesho yake ili aangaliwe.

Kesho yake alikwenda peke yake. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa mgeni kutoka kusini mwa nchi. Kibemba chake kilikuwa cha kubahatisha, na Kiswahili hakukijua kabisa. Kijana naye Kibemba chake kilikuwa hakijakomaa. Basi wakakutana kwenye Kiingereza, yaani Kiingereza kile tulichomfundisha sisi. Muuguzi akauliza: "Haven't you taken your tablets yet?" Kijana alikuwa hajameza hata kimoja, kwa sababu jioni ile nyumbani hapakupatikana chakula, na mama alimwambia asimeze dawa kali tumbo likiwa tupu. Akajibu kwa heshima: "Yes, Sister."

Moyoni mwake alikuwa amesema, "Ndiyo, bado sijameza." Muuguzi alisikia, "Naam, nimekwisha kumeza." Akaandika hivyo katika daftari lake, akamwambia aende kupumzika, dawa itafanya kazi yake. Usiku ule homa ilipanda hata mtoto akaanza kuweweseka. Mama yake alikuja kutugongea mlango. Vidonge tulivikuta vyote katika karatasi yake, vimefungwa kama vilivyotolewa.

Kijana alipona, tunamshukuru Mungu. Siku chache baadaye tulimwuliza kwa nini alisema "yes" ilhali hakumeza kitu. Alitutazama kwa mshangao, akasema: "Mwalimu, aliniuliza kama sijameza, na kweli nilikuwa sijameza. Sasa ningesemaje 'no'?" Hatukuwa na la kumjibu. Ubaoni tulikuwa tumeandika kwa mkono wetu wenyewe kwamba "yes" ni ndiyo na "no" ni hapana. Juu ya "yet" hatukuwa tumeandika lolote. Muuguzi hakukosea Kiingereza chake, wala mtoto hakukosea Kiswahili chake. Kosa lilikuwa letu sisi tuliosimama katikati ya lugha mbili tukafundisha kana kwamba ni moja. Tangu siku ile tukaanza kulichunguza neno hili.

Asili ya "yet"

"Yet" ni neno la kale sana. Kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, Waingereza waliliandika "giet" au "gieta", na lilikuwa na ndugu yake katika Kifrisia cha kale, lugha ya majirani zao ng'ambo ya bahari. Maana yake ilikuwa pana: "mpaka sasa", "hata hivi sasa", na pia "zaidi ya hayo". Jambo la kuangalia ni hili, kwamba neno halikubagua sentensi ya kukubali na sentensi ya kukanusha. Hata katika karne ya 16 na ya 17, Mwingereza aliweza kulitumia "yet" kusema kwamba mtu fulani angali mgonjwa, na akalitumia neno lilo hilo kusema kwamba mtu huyo hajapona. Tafsiri ya Biblia iliyochapishwa Uingereza mwaka 1611 imejaa matumizi ya namna zote mbili.

Baadaye kazi ya neno hili iligawanywa. Palikuwa na neno "still", ambalo maana yake ya kwanza ni utulivu, kama maji yasiyotikisika asubuhi kabla upepo haujaamka. Kitu kisichotikisika hudumu palepale kilipo. Basi "still" likapata maana ya "daima", na katika tamthilia za Shakespeare mara nyingi ndiyo maana yake. Kutoka "daima" likashuka hadi "hata sasa", na hapo likaichukua ile nusu ya "yet" iliyokuwa ya sentensi za kukubali. "Yet" likabakiwa hasa na kanusho na swali. Neno la tatu, "already", lilizaliwa kwa kuunganisha maneno mawili, "all" na "ready", yaani "tayari kabisa". Nalo likapewa kazi ya kusema kwamba jambo limekwisha kutokea.

Iko kazi nyingine ya "yet", ile ya kiunganishi, ambapo maana yake ni "hata hivyo" au "walakini". Wanafunzi hudhani ni neno jingine kabisa, lakini ni lile lile. Anayesema "walakini" anakiri yaliyosemwa, kisha anaonyesha kwamba hata baada ya hayo yote liko jambo lingine lililosimama. Ile maana ya kale ya "hata sasa" na "zaidi ya hayo" ingali hai ndani yake.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaa. Mwezi wa Januari Mwingereza atasema, "The lake is still closed", au atasema, "The lake is not open yet". Machi ikifika atasema, "The lake is already open". Kwa Kiswahili tutasema: ziwa lingali limefungwa; ziwa halijafunguliwa; ziwa limekwisha kufunguliwa. Ukweli wa sentensi mbili za kwanza ni mmoja, lakini macho ya wasemaji hayatazami mahali pamoja. Wa kwanza anatazama kufuli. Wa pili anatazama mlango unaongojwa kufunguka.

Asili ya "bado"

Neno "bado" tumelipata kutoka Kiarabu, katika neno "baadu", ambalo likifuatana na kikanushi huwa na maana ya kwamba jambo halijatokea mpaka sasa. Shina lake ni lile lile lililotupa "baada" na "baadaye". Hivyo "bado" na "baada" ni ndugu wa tumbo moja, ingawa mmoja huzungumzia jambo lisilotokea na mwingine jambo lililokwisha kupita. Walimu wawaangalie wanafunzi wasilichanganye neno "badala" na jamaa hii; hilo lina shina lake jingine. Katika Kiarabu kinachosemwa na watu wa Sham, neno hili hili hutumika pia kwa mtu aliye katika hali ile ile aliyokuwa nayo, kama mtu aliyelala na hajaamka. Basi uso wake ni wa pande mbili, huko na kwetu pia.

Katika Kiswahili twasema, "Bado anaumwa", na hapo maana yake ni ile ya "still". Twasema, "Bado hajapona", na hapo maana yake ni ile ya "yet". Kisha "bado" lina uwezo ambao "yet" halina: laweza kusimama peke yake likawa jibu kamili. "Umekula?" "Bado." Hakuna anayeuliza bado nini. Katika Kiingereza jibu hilo lataka maneno mawili, "not yet", kwa sababu "yet" peke yake haina nguvu ya kukanusha.

Hapa ndipo yanapotoka makosa tunayoyasahihisha kwa kalamu nyekundu kila muhula. Mwanafunzi akiulizwa kama amemaliza kazi, hujibu "Yet!" kwa sauti ya kujiamini. Mwingine huandika "I have not still finished". Wa tatu huandika "My grandfather is yet sleeping". Tukiyatazama makosa hayo kwa macho ya historia, tutaona kwamba si upumbavu. Mtoto amechukua neno la Kiingereza akalipa mzigo wote unaobebwa na "bado". Tena yule wa tatu, lau angaliishi katika London ya mwaka 1600, asingalisahihishwa na mtu. Kosa lake ni kuchelewa kwa miaka mia nne.

Jinsi Kiswahili kilivyofika Mweru

Kiswahili kilifika kando ya ziwa hili kwa njia mbili kubwa, nazo zinafaa kukumbukwa na mwalimu wa lugha. Njia ya kwanza ni ya misafara. Ufalme wa Mwata Kazembe katika bonde la Luapula ulijulikana mbali kwa biashara. Mreno Lacerda aliufikia mwaka 1798 akafia huko. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani ya mashariki walizoea njia ya kwenda huko kutafuta pembe za ndovu na shaba; na ni lazima tuseme bila kuficha kwamba walinunua na kuteka watu pia, wakawafanya watumwa. Livingstone aliliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867. Alipofika kwa Kazembe mwezi ule ule alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa amekaa huko miaka mingi bila kupewa ruhusa ya kuondoka. Mwaka huo huo Tippu Tip alimshinda chifu Nsama katika nchi ya Itabwa, iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, yalichapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na yamekuwa mojawapo ya maandishi ya mwanzo ya nathari ndefu ya Kiswahili inayogusa nchi hizi. Magharibi ya ziwa alitawala Msiri, aliyetoka Unyamwezi, mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891.

Njia ya pili ni ya migodi. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906 kuchimba shaba ya Katanga, na mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910. Wanaume wengi wa Luapula walivuka kwenda kutafuta kazi huko, na samaki wa Mweru na Luapula wakawafuata kuwa kitoweo cha wafanyakazi. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na ya soko. Waliorudi nyumbani walirudi na nguo, baiskeli na maneno.

Kibemba kilipokea kilichokihitaji. Kitabu kikawa "icitabo", mkate ukawa "umukate", na neno "sana" husikika kila mtu anaposhukuru. Lakini "bado" halikuhitajiwa, kwa sababu Kibemba kilikuwa na lake tangu zamani, tena limefichwa mahali ambapo Mwingereza hatazamii kulitafuta, yaani ndani ya kitenzi.

Kitenzi kinachobeba kungoja

Kwa Kibemba "hajaja" ni "talaisa", "hawajaja" ni "tabalaisa", na "sijala" ni "nshilalya". Silabi moja katikati ya kitenzi yatosha kusema kwamba jambo halikutokea mpaka sasa na kwamba lingali linatazamiwa. Kiswahili hufanya vivyo hivyo kwa kiambishi "-ja-": sijala, hujala, hajala. Kwa hali inayoendelea Kibemba husema "acili", nasi husema "angali". Kwa jambo lililokwisha kutokea Kibemba hutumia "kale", neno ambalo lina maana ya zamani na ya "tayari" pia. Nasi tunalo neno "kale" katika "watu wa kale" na "hapo kale". Badala yake sisi hutumia kitenzi "kwisha": amekwisha kwenda, na kwa kifupi, ameshakwenda. Lugha hizi mbili ni za ukoo mmoja, nazo zimeona tangu kale kwamba kungoja ni sehemu ya tendo lenyewe.

Kiingereza hakikuona hivyo. Kitenzi chake husema tu kwamba mtu hakuja mpaka sasa, na kungoja kote kumeachiwa kielezi kinachofika mwisho kabisa wa sentensi, kama abiria anayerukia mtumbwi uliokwisha kuachana na ufuo. Mtoto wetu akitafsiri "hajaja", anaandika "he has not come", anaona kitenzi kimekamilika, anaweka nukta. Abiria ameachwa ufuoni. Mara nyingine huenda mbali zaidi akaandika "he did not come", na hapo amesema "hakuja", jambo jingine kabisa.

Tofauti ya "hakuja" na "hajaja" haihitaji kufafanuliwa kwa watu wa ziwani. Pepo za Mweru huweza kugeuka ghafula, na mtumbwi uliotazamiwa alfajiri huweza kutoonekana hata jua la utosi. Mwanamke aliyesimama ufuoni hasemi, "Mume wangu hakurudi." Anasema, "Hajarudi." Akisema kwa Kibemba ni hivyo hivyo. Jirani yake anayetaka kumfariji hatasema neno lingine zaidi ya hilo, wala hatamsahihisha. Mpaka habari ipatikane, silabi ile moja ndiyo inayoushika mlango usifungwe. Nasi tunapomfundisha mwana wa mwanamke huyo kwamba "yet" ni pambo, tunamfundisha kuiacha silabi hiyo nje ya Kiingereza chake.

Adabu ya "bado"

Kila Mswahili anajua kwamba maswali mengine hayajibiwi kwa "hapana". Mtu akiulizwa, "Umeoa?" na hali hana mke, hujibu, "Bado." Mwanamke akiulizwa kama amejaliwa watoto, hujibu, "Bado," hata kama nywele zimeanza mvi. Kusema "hapana" ni kama kumwambia Mwenyezi Mungu kwamba kazi yake juu yako amekwisha kuimaliza. Ndugu zetu wa Kibemba hufanya vivyo hivyo kwa kutumia kitenzi: mwanamume husema "nshilaupa", yaani sijaoa. Mgeni wa Kizungu akisikia jibu hilo kwa mzee wa miaka sabini huenda akacheka. Hana sababu ya kucheka. Lugha imekataa kumfunga mtu angali hai.

Methali zetu zimelisimamia jambo hili kwa nguvu. Twasema, "Hujafa hujaumbika," na uzito wote wa methali hiyo umo katika kiambishi "-ja-" kilichotajwa mara mbili. Ukikiondoa, hakuna methali. Twasema, "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," na pia, "Samaki mkunje angali mbichi." Msomaji na ajaribu kuzitafsiri methali hizi tatu kwa Kiingereza bila kutumia "yet" wala "still". Atajikuta anazunguka sana.

Siasa nayo imelijua neno hili. Mwaka 1967 Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya mpaka alipojiuzulu mwaka 1966, alichapisha habari za maisha yake kwa Kiingereza akakiita kitabu chake "Not Yet Uhuru". Jina hilo lilichanganya lugha mbili kwa makusudi. Lau angalisema tu kwamba hakuna uhuru, angalikuwa amekana yote yaliyopatikana mwaka 1963. Kwa kusema "not yet" alishtaki na kutumaini kwa pumzi moja: mliyoahidi hamjayatimiza, nasi tungali tunayangoja.

Hapa kwetu tunalisikia neno hilo katika hali iliyo karibu zaidi. Desemba 2000, vita vilipoufikia mji wa Pweto, maelfu ya watu walikimbilia Zambia. Mwaka 2017 machafuko ya kusini-mashariki mwa Kongo yalileta wengine wengi, na mwanzoni mwa 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa katika wilaya ya Nchelenge ili kuwapokea. Mtu wa namna hiyo ukimwuliza, "Kwenu kumetulia?" hatakupa maelezo marefu. Atasema, "Bado." Katika neno hilo ameweka nyumba yake, shamba lake na makaburi ya wazee wake, na hajayaacha.

Lakini tusilisifu neno kupita kiasi. "Bado" ni kimbilio la mdeni pia. Fundi wa nguo naye, akiulizwa suruali iliyolipiwa kabla ya sikukuu, hujibu, "Bado kidogo," mpaka sikukuu ikapita. Tena liko "bado" lisilo la kweli hata kama msemaji hana hila. Wazee wa Luapula hutaja samaki aitwaye mpumbu, ambaye zamani alipanda mto kwa makundi makubwa wakati wa mvua ili kuzaa, na watu walimngoja kwa nyavu njiani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 makundi hayo yalikuwa yamepungua vibaya kwa sababu ya kuvuliwa kupita kiasi katika njia ile ya kuzalia. Je, tuseme makundi yale hayajarudi, au tuseme hayarudi tena? Sarufi inaruhusu yote mawili. Anayechagua "hayajarudi" ana wajibu wa kufanya jambo ili yarudi, kama vile kuiheshimu miezi mitatu ambayo ziwa limefungwa. Asipofanya hivyo, "bado" lake halina tofauti na la yule fundi wa nguo.

Ushauri kwa walimu

Kutokana na hayo tumebadili mafundisho yetu kwa namna tatu, nazo tunaziweka mbele ya walimu wenzetu wazipime.

Kwanza, hatufundishi tena "yet" peke yake. Tunalifundisha pamoja na "still" na "already", kwa mfano mmoja unaojulikana na kila mtoto. Kwetu sisi ni ziwa lililofungwa na kufunguliwa. Kwingine huweza kuwa mahindi shambani au basi la jioni. Mtoto akiisha kuona kwamba "bado" moja la Kiswahili hugawanyika mara mbili katika Kiingereza, hukumbuka kuuliza ni nusu ipi anayoitaka.

Pili, tumefuta ubaoni ile sentensi ya kwamba "yes" ni ndiyo na "no" ni hapana. Katika Kiswahili na Kibemba anayesema "ndiyo" anaithibitisha kauli ya mwulizaji: hujala? Ndiyo, sijala. Katika Kiingereza "yes" na "no" hazimtazami mwulizaji, zinalitazama tendo. Kama tendo halikufanyika, jibu ni "no", swali liulizwe kwa namna yoyote. Ili kuondoa hatari, tunawazoeza watoto kutojibu kwa neno moja, bali kukirudia kitenzi: "No, I haven't taken them yet." Sentensi hiyo ni ndefu kwa mtoto mwenye homa, lakini haina njia mbili za kueleweka.

Tatu, tunaanzia katika lugha anayoijua mtoto. Tunamwandikia "talaisa" na "hajaja" juu ya ubao, tunampigia mstari chini ya silabi inayobeba kungoja, kisha tunamwuliza: katika Kiingereza silabi hii imekwenda wapi? Mara nyingi huitafuta ndani ya kitenzi asiione, mpaka mmoja anyooshe kidole mwisho wa sentensi. Tangu hapo huwa hatuna haja ya kuwakumbusha sana.

Tungefurahi kusikia kwa walimu wa Ujiji, Bunia, Mombasa na kwingineko jinsi "bado" linavyotumika kwao, na makosa ya Kiingereza yanayozaliwa nalo. Kwa maana yaliyoandikwa hapa ni ya ufuo mmoja wa ziwa moja. Kazi yenyewe hatujaimaliza.